Jicho la angani lililopofuka mapema: Ndege ya upelelezi ya Wajerumani Afrika Mashariki

WASAFIRI wanaopitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Eldoret ni nadra kujiuliza kwa nini njia yake ya kurukia ina urefu unaokaribia kilomita tatu na nusu. Jibu limo katika hewa wanayoivuta, na hewa hiyo ndiyo iliyowatesa marubani wa kwanza wa kivita waliofika Afrika Mashariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya tano. Bawa la ndege hupata nguvu ya kuinuka kutokana na hewa linayoipasua, hivyo hewa ikipungua uzito, ndege hulazimika kukimbia kwa kasi kubwa zaidi, na kwa umbali mrefu zaidi, kabla ya magurudumu kuachana na ardhi.

Injini nayo huchoma mafuta kwa msaada wa hewa hiyo hiyo. Injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa ya ziada hupoteza nguvu kadiri inavyopanda juu. Joto huongeza shida, kwa sababu hewa yenye joto hutanuka na kuwa nyepesi zaidi.

Leo wahandisi hulikabili tatizo hilo kwa lami ndefu na injini zenye nguvu nyingi. Mwaka wa 1914 hapakuwa na lami wala injini za namna hiyo. Palikuwa na ndege za miti na kitambaa, zilizoundwa kwa ajili ya hali ya hewa ya Ulaya, na miongoni mwake moja ya Kijerumani iliyojikuta Dar es Salaam vita vilipozuka.

Ndege isiyo na bunduki

Ili kuelewa kisa cha ndege hiyo, yafaa kwanza kufahamu kazi iliyotarajiwa kufanywa na ndege za kijeshi wakati huo. Mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Ulaya hayakuiona ndege kuwa silaha ya kupigania. Waliiona kuwa jicho.

Kwa karne nyingi kazi ya upelelezi ilikuwa ya askari wapanda farasi, waliotumwa mbele kutazama adui yuko wapi, ni wengi kiasi gani na wanaelekea upande gani. Ndege ilikuja kuwarithi wapanda farasi hao. Kile ambacho doria ya farasi ilikitafuta kwa siku nzima, rubani aliweza kukiona kwa saa moja akiwa juu ya miti na milima.

Wajerumani walizipanga ndege zao kwa herufi. Herufi A ilikuwa ya ndege zenye bawa la tabaka moja, nayo B ilikuwa ya ndege zenye mabawa ya tabaka mbili, moja juu ya jingine, zilizobeba watu wawili bila silaha ya kudumu. Ndege kama Albatros na Aviatik za kundi hilo zilisukumwa na injini za nguvu za farasi mia moja hivi, na kasi yake ilikuwa kama kilomita 100 kwa saa, sawa na matatu iliyo katika barabara kuu.

Mabawa ya tabaka mbili yalikuwa na sababu yake. Mti na kitambaa havina uwezo wa kubeba bawa moja refu bila kupinda. Mabawa mawili mafupi yaliyounganishwa kwa nguzo na nyaya yalisaidiana kama kuta na paa la nyumba, yakawa mepesi na imara kwa pamoja.

Katika ndege nyingi za Kijerumani za aina hiyo, mwangalizi aliketi mbele na rubani nyuma. Mara nyingi mwangalizi alikuwa afisa na ndiye aliyeamua safari iende wapi, ilhali rubani aliweza kuwa askari wa cheo cha chini. Mpangilio huo unaonyesha kwamba macho ndiyo yaliyothaminiwa zaidi ya mikono iliyoshika usukani.

Ndege ya maonyesho yageuka ya vita

Ndege iliyofika Dar es Salaam ilikuwa ya muundo wa Gustav Otto wa Munich, mwana wa Nikolaus Otto aliyevumbua injini ya mapigo manne inayotumika katika magari hadi leo. Iliundwa na kiwanda cha Pfalz cha mjini Speyer, ambacho kilipata kibali cha kutengeneza ndege za Otto. Injini yake ilikaa nyuma ya watu na kuisukuma ndege badala ya kuivuta, jambo lililowaachia waliomo nafasi wazi ya kutazama mbele.

Mwenye kuirusha alikuwa Bruno Büchner, mtu aliyejulikana kwanza kama mwanamichezo wa mbio za baiskeli na magari kabla ya kuingia katika urubani. Mapema mwaka wa 1914 alikuwa akiirusha katika koloni la Kijerumani la Afrika Kusini-Magharibi, yaani Namibia ya leo, ambako alibeba barua kwa ndege.

Kutoka huko alielekea Dar es Salaam. Wajerumani walikuwa wamepanga maonyesho makubwa ya koloni mwezi wa Agosti 1914, kusherehekea kukamilika kwa Reli ya Kati iliyounganisha Dar es Salaam na Kigoma. Ndege ingekuwa kivutio cha kuwastaajabisha wageni.

Badala ya maonyesho vikaja vita. Koloni hilo, lililojumuisha Tanzania bara, Rwanda na Burundi za leo, lilijikuta limezingirwa kwa sehemu kubwa na makoloni ya maadui, huku manowari za Uingereza zikitawala bahari. Ndege ya Büchner ikachukuliwa na jeshi.

Haikudumu. Büchner alijeruhiwa mapema katika safari ya upelelezi, na ndege ikaharibika. Ilipotengenezwa na kurushwa tena, Luteni Henneberger aliyekuwa rubani alifariki ilipoanguka. Kwa vile njia za bahari zilikuwa zimefungwa, hapakuwa na injini nyingine, vipuri wala marubani wapya wa kuletwa kutoka Ujerumani. Jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki likabaki bila jicho la angani kwa kipindi chote kilichosalia.

Rejeta ya gari kutoka Mombasa

Mtu angetarajia kwamba upande uliokuwa na ndege ungeshinda kwa urahisi. Yaliyowapata Waingereza yanaonyesha kwamba mambo hayakuwa rahisi hivyo.

Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Uingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar. Kisha ikajificha ndani ya delta ya Mto Rufiji, ambako mikoko na mikondo ya mto mingi iliificha isionekane kutoka baharini. Wajerumani waliongeza matawi ya miti juu ya milingoti yake ili ifanane na msitu.

Waingereza walimwajiri rubani wa kiraia aitwaye Dennis Cutler, aliyekuwa Durban na ndege ya Curtiss inayotua majini. Joto la pwani likaitesa injini yake. Rejeta ilipoharibika, meli ilibidi iende hadi Mombasa kuchukua rejeta ya gari la Ford ili ndege iweze kuruka tena.

Hata hivyo, mwezi wa Novemba 1914 Cutler aliiona Königsberg. Mwezi uliofuata ndege yake ilishuka karibu na adui, naye akatekwa.

Ndege mbili za Sopwith zilizoletwa mapema mwaka wa 1915 hazikufua dafu. Joto na unyevu vililegeza gundi na kuharibu propela, nazo zikashindwa kupaa na mzigo zilioundiwa kuubeba. Ndege za Short zilizofuata zilipanda kwa shida kiasi kwamba askari waliokuwa ardhini waliweza kuzilenga kwa bunduki.

Ikumbukwe kwamba haya yote yalitokea pwani, mahali ambapo hewa ni nzito kuliko popote katika nchi. Ndege iliyoshindwa kupanda vyema kutoka kisiwa cha Mafia ingekuwa na matumaini madogo sana ya kupaa ikiwa na watu wawili katika nyanda za Uasin Gishu.

Ushindi ulipatikana Julai 11, 1915. Meli mbili za mizinga zisizohitaji maji ya kina, Severn na Mersey, ziliingia mtoni huku ndege ikizunguka juu kuzielekeza. Mizinga ilifyatua makombora bila wapigaji kuliona windo lao, na mwangalizi aliyekuwa angani aliwaarifu kwa redio kama kombora limeanguka mbele, nyuma au kando.

Ndege ya rubani John Cull na mwangalizi wake Arnold ilipigwa na mizinga ya Königsberg. Wakati inashuka bila nguvu ya injini, Arnold aliendelea kutuma masahihisho hadi makombora yakaanza kuipata manowari hiyo. Ndege ilitumbukia mtoni na wote wawili wakaokolewa. Königsberg ikateketea.

Wajerumani waliiopoa mizinga ya manowari hiyo na kuitumia nchi kavu kwa miaka iliyofuata. Mmojawapo umehifadhiwa Fort Jesus, Mombasa, ambako wanafunzi wa shule wanaotembelea jumba hilo la makumbusho hupiga picha kando yake.

Kilichofanikiwa Rufiji kina somo lake. Ndege iliweza kusaidia kwa sababu windo lilikuwa moja, kubwa, la chuma na lisiloweza kuondoka.

Jeshi lisiloonekana

Mwanzoni mwa mwaka wa 1916 Kikosi cha 26 cha ndege za Uingereza, kilichokuwa na watu wengi kutoka Afrika Kusini, kilitua Mombasa na kuweka kambi Mbuyuni, kati ya Voi na Taveta. Wakati huo Jenerali Jan Smuts alichukua uongozi wa majeshi na kuanza kuwasukuma Wajerumani kutoka eneo la Kilimanjaro kuelekea kusini.

Aliyepambana naye, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na ndege hata moja. Alikuwa na askari Waafrika waliozoea mwendo wa miguu, makundi madogo yaliyogawanyika na kukutana tena, na vichaka vilivyoyafunika.

Rubani aliyetazama chini aliona bahari ya miti. Safu ya askari iliposikia mngurumo wa injini iliingia chini ya matawi na kutulia. Ndege iliyoundwa kuhesabu mabehewa na mizinga katika barabara nyeupe za Ufaransa haikuwa na cha kuhesabu katika nyika isiyo na barabara.

Wajerumani walijaribu anga mara moja zaidi. Novemba 1917 puto kubwa la injini liitwalo L 59 liliondoka Bulgaria likiwa na dawa na silaha za kuwapelekea wenzao waliokuwa wamezingirwa. Lilifika juu ya Sudan, likaitwa lirudi, na kukamilisha safari ya zaidi ya kilomita 6,700 bila kutua. Shehena haikufika.

Lettow-Vorbeck alijisalimisha Novemba 25, 1918 katika mji ambao leo ni Mbala, Zambia, siku kadhaa baada ya vita kumalizika Ulaya. Alikuwa amepigana miaka minne, na katika muda wote huo ndege yake pekee ilikuwa imehudumu kwa muda mfupi tu.

Macho yaliyotembea kwa miguu

Iwapo ndege hazikuona, ni nani aliyeona? Jibu ni watu. Pande zote mbili zilitegemea watu waliojua vijito, njia za mifugo na lugha za vijiji.

Doria za Kijerumani zilivuka nyika kavu kwa miguu na kutega baruti katika reli ya Uganda. Reli hiyo ndiyo iliyokuwa koo la nyanda za juu. Eldoret, iliyopewa jina hilo mwaka wa 1912 baada ya kujulikana kwa namba ya shamba 64, ambayo wenyeji waliigeuza kuwa Sisibo, haikuwa na reli yake hadi mwaka wa 1924. Bidhaa zilishushwa katika stesheni za mbali na kukokotwa na maksai. Daraja likilipuliwa Voi, chumvi na mafuta ya taa vilichelewa Uasin Gishu.

Upande wa Waingereza, mkuu wa ujasusi tangu mwaka wa 1915 alikuwa mtu ambaye jina lake halihitaji kuelezwa katika nyumba za Wanandi: Richard Meinertzhagen. Oktoba 19, 1905, afisa huyo ndiye aliyemuua Koitalel Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, katika mkutano ulioitishwa kwa jina la mazungumzo ya amani.

Miaka kumi baadaye Meinertzhagen aliongoza mtandao wa wapelelezi Waafrika waliovuka mpaka na kurudi na habari za kambi, mizinga na chakula cha adui. Wanahistoria wamezitilia shaka shajara zake katika mambo mengi. Lakini kwamba habari nyingi zilizoaminika zililetwa na watu wa miguu, hilo halina ubishi.

Nyuma ya wapelelezi na askari walikuwapo wapagazi. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa maelfu kutokana na ugonjwa wa mbung'o. Chakula, risasi na mahitaji ya jeshi vilisafiri kichwani na begani. Mwaka wa 1917 serikali ya kikoloni ilimteua John Ainsworth kusimamia ukusanyaji wa wapagazi, na wanaume wakaondolewa vijijini kwa nguvu.

Watu wapatao milioni moja walitumika kama wapagazi upande wa Uingereza katika vita hivyo, na inakadiriwa kwamba karibu 95,000 kati yao walikufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mitaa ya Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam ilipata majina yake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Waliokumbukwa na waliosahauliwa

Hapa ndipo kisa cha ndege kinapogusa maisha ya wakazi wa eneo la Eldoret. Jina la Büchner limehifadhiwa vitabuni, na vivyo hivyo majina ya Cutler, Cull na Arnold. Wapagazi na wapelelezi waliofanya kazi ambayo ndege haikuweza kuifanya wana sanamu za ukumbusho Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, lakini sanamu hizo hazina majina yao.

Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita hivyo, wengi wao wakiwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo ilisema idadi hiyo huenda ikafika 350,000, na ikaomba radhi.

Tofauti hiyo haikuishia katika makaburi. Wakulima wazungu wa Uasin Gishu waliokwenda vitani na farasi wao walirudi katika mashamba yao. Kisha, chini ya mpango wa mwaka wa 1919 wa kuwapa makazi wanajeshi wazungu, sehemu za ardhi ya Wanandi katika maeneo ya Kipkaren na Kaimosi zilichukuliwa na kugawanywa. Vijana wa Kinandi waliokuwa wametumikia kikosi cha King's African Rifles hawakuwamo katika mgao huo.

Malalamiko kuhusu ardhi, kodi na kazi za lazima yaliongezeka. Oktoba 1923 serikali ilipiga marufuku sherehe ya kijadi ya saget ab eito kwa kuhofia uasi, na kumkamata Orkoiyot Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel. Alizuiliwa hadi mwaka wa 1964, Kenya ilipokuwa tayari imepata uhuru.

Wataalamu wa historia ya urubani huihesabu ndege ya Dar es Salaam kuwa tukio dogo, na kwa kipimo cha vita vya Ulaya ni kweli. Ilikuwa moja, iliruka kidogo, ikaanguka. Lakini kuanguka kwake kulirudisha mzigo wa kuona, kubeba na kufa kwa watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Kwa familia nyingi za Bonde la Ufa, habari za babu aliyekwenda vitani asirudi bado zimo vinywani mwa wazee tu. Hakuna ndege wala sanamu itakayozihifadhi. Zinahitaji mtu wa kuziuliza na kuziandika wakati waliozisikia kutoka kwa wazazi wao wangali hai.